Kufanana na Kuwa

Kufanana ni mlango wa ujuzi, na aghalabu ni mlango wa upotevu pia. Mtu hujifunza kwa kulinganisha hiki na kile. Lakini akisahau kuwa kulinganisha si kuthibitisha, huviita vitu viwili kwa jina moja, au kitu kimoja kwa majina mengi. Kosa hilo likitendeka sokoni, hasara yake ni fedha. Likitendeka penye kitanda cha mgonjwa, hasara yake ni uhai. Je, mwenye ujuzi ana haki gani ya kutoa jina, na ana wajibu gani baada ya kulitoa?

Mfano bora ulitokea Uganda. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika pande zote za taya, juu na chini. Punde baadaye, huko Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Alipompima alikuta uvimbe tumboni pia. Hapo kabla, uvimbe wa namna hii uliitwa kwa jina la kiungo ulimoonekana: wa figo ulihesabiwa saratani ya figo, wa ovari saratani ya ovari, wa taya saratani ya taya. Ugonjwa mmoja uligawanywa kama mirathi, kila kiungo na fungu lake. Burkitt alizipekua kumbukumbu za hospitali, akaona kuwa mafungu hayo yalikuwa ya mwili mmoja. Mwaka 1958 aliuandika ugonjwa huo kuwa ni sarakoma. Jina hilo nalo halikudumu. Waliochunguza vipande vyake kwa hadubini walionyesha kuwa ulikuwa limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu zilindazo mwili.

Tofauti hii si ubishi wa maneno. Uvimbe wa figo hutaka kisu. Limfoma hii hutaka dawa ipitayo mwili mzima, na katika miaka ya 1960 baadhi ya watoto waliopewa dawa hizo walipona. Hata leo limfoma adimu za tumbo huweza kuvaa sura ya saratani ya utumbo, ya kongosho au ya ovari, na mgonjwa akapasuliwa pasipo haja.

Yamkini mtu atasema: basi daktari na angoje mpaka shaka yote iishe. La. Limfoma ya Burkitt huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Shaka isiyo na kikomo huua sawa na haraka isiyo na macho. Wajibu wa daktari ni kuuliza upesi na kuamua kwa ushahidi: kipande cha uvimbe kichukuliwe mapema, kichunguzwe, kisha tiba ichaguliwe.

Lililo gumu zaidi huja baada ya uamuzi. Mtaalamu hulipenda jina alilolitoa kama mzazi apendavyo mwanawe, na kulifuta huona ni kujivunjia heshima. Walakini heshima hiyo hulipiwa na mgonjwa. Jina ni amana mkononi mwa mjuzi, wala si milki yake. Ukweli ukija kuidai, sharti irudishwe bila kinyongo.