Jiwe la Watu Tusiowajua

Huko Bretagne, upande wa magharibi wa Ufaransa, katika eneo la Pleumeur-Bodou, limesimama jiwe moja kubwa lenye kimo cha zaidi ya meta 7. Laitwa jiwe la Saint-Uzec. Walilisimamisha watu wa kale, maelfu ya miaka kabla ya kuzaliwa kwake Kristo. Majina yao hatuyajui, wala lugha yao, wala nia yao. Leo sheria ya Ufaransa yalilinda.

Pengine msomaji atauliza: Je, walio hai wana wajibu gani kwa jiwe la watu waliokwisha kusahauliwa, ambao hata dini yao hatuishiriki? Swali hilo si la kudharauliwa, kwani wanaohitaji shamba na nyumba ni walio hai, si wafu.

Twajibu kwamba haki haipimwi kwa nguvu za mdai. Mfu hawezi kwenda barazani kuitetea kazi ya mikono yake, wala mtoto ambaye hajazaliwa hawezi kudai urithi wake. Shamba laweza kupatikana mahali pengine. Jiwe likivunjwa halirudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Abati Mellitus, aliyekuwa safarini kwenda Uingereza, kwamba sanamu za miungu ziharibiwe, lakini mahekalu yenyewe yasibomolewe. Huko Saint-Uzec nako, mwaka 1674, baada ya mahubiri ya Padre Julien Maunoir, Wakristo waliweka msalaba juu ya jiwe lile, wakachonga ubavuni mwake jua, mwezi, jogoo na vyombo vya Mateso ya Bwana. Wako wasemao kwamba huko kulikuwa kuteka mali ya wengine, na ni kweli wenyewe hawakuulizwa. Hata hivyo, nyundo iliyochonga ingaliweza pia kubomoa, nayo haikubomoa.

Sisi wa leo twaweza kufanya zaidi: kuliacha jiwe la namna hiyo kama tulivyolikuta. Kutunza si kuabudu. Nasi tutakuwa siku moja watu wa kale, majina yetu yasijulikane, na kazi zetu zikae mikononi mwa wageni. Basi yatupasa kuwatendea waliotutangulia kama tupendavyo kutendewa na watakaotufuata.