Taarifa za Mtu: Amana au Azima?

Mtu anapoipa kampuni au ofisi ya serikali jina lake, namba ya kitambulisho chake, alama za vidole vyake au picha ya uso wake, ametoa nini hasa, na aliyepokea amejitwika jukumu gani? Swali hili ni la fiqhi na la falsafa kwa pamoja, na majibu yake ya haraka husikika kila siku katika baraza za Vanga, mji wa mwisho wa pwani ya kusini ya Kenya kabla ya mpaka wa Tanzania, kama yanavyosikika Msambweni na Diani. Wapo wanaosema kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa, na wapo wanaosema kwamba kampuni zote ni wezi, zimeshachukua kila kitu, na kilichochukuliwa hakirudi. Rai hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini matokeo yake ni mamoja, kwa kuwa ya kwanza inasema hakuna madhara na ya pili inasema hakuna dawa, na kwa njia zote mbili aliyepokea hutoka barazani hadaiwi kitu.

Katika siku chache za mwaka 2023 swali hili lilijitokeza waziwazi nchini Kenya. Julai 24 mradi wa Worldcoin, ulioasisiwa na Sam Altman na Alex Blania, ulizinduliwa rasmi duniani, na jijini Nairobi watu wengi walipanga foleni mbele ya kifaa cha duara chenye kamera, ambacho hupiga picha ya mboni ya jicho na kuigeuza kuwa msimbo, yaani mfuatano wa tarakimu unaomtofautisha mtu mmoja na wengine wote, ili wapewe sarafu za kidijitali zilizokadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 7,000 hivi. Julai 27 serikali ilikiri kwamba eCitizen, mfumo unaotumika kuombea pasipoti, leseni na maelfu ya huduma nyingine, ulikuwa umeshambuliwa na huduma zake kukwama. Julai 28 Rais William Ruto alitangaza kutambuliwa kwa Wapemba wa Kenya kuwa raia, watu waliovua na kuzika wazee wao katika ufuo huu kwa vizazi kadhaa, Vanga na Shimoni zikiwa miongoni mwa maskani zao, huku wakiwa hawana kitambulisho. Agosti 2 serikali ilisimamisha shughuli za Worldcoin. Basi katika wakati ule ule mtu wa Nairobi alikuwa akipewa pesa ili aandikwe, na mtu wa Vanga alikuwa akimshukuru Mungu kwamba hatimaye ataandikwa.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, waliifanyia kazi maudhui ya kuwekeana vitu karne nyingi kabla ya kompyuta. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameandika katika Minhaj mlango mzima juu ya wadia, yaani kitu ambacho mwenyewe humkabidhi mwingine ili amhifadhie. Mlango huo hauanzi na haki ya mwenye mali bali na dhamiri ya anayepokea: asiyeweza kuhifadhi ni haramu kwake kukubali, na anayeweza lakini hauamini uaminifu wake mwenyewe ni makuruhu kwake kukubali. Hapa kuna jambo ambalo mijadala ya leo huliruka. Siku hizi huulizwa kama mteja alikubali kutoa taarifa zake, kama alibonyeza kitufe cha kuafiki masharti, kama alitia sahihi. Ni nadra kuulizwa kama kampuni ilikuwa na haki ya kukubali kupokea, ilhali ilijua kwamba haina watu, vifaa wala nia ya kuvitunza ilivyopokea. Kwa kipimo cha Nawawi, kosa la kampuni ya namna hiyo halianzi siku wezi wanapoingia. Linaanza siku ya kupokea.

Baada ya hapo fiqhi inaeleza kwamba mkono wa mwenye kuhifadhi ni mkono wa amana, maana yake kitu kikipotea bila uzembe wake hadaiwi, lakini yapo mambo yanayougeuza mkono huo ukawa wa dhamana, yaani wa kulipa. Miongoni mwake ni kukiweka kitu kwa mtu wa tatu bila idhini ya mwenyewe wala udhuru, kukitumia kwa manufaa yake mhifadhi, kumwelekeza mwizi kilipo, na kukiweka mahali pasipostahili hifadhi ya kitu cha aina hiyo. Hili la mwisho hupimwa kwa desturi, kwa kuwa mahali pa kuhifadhia mnyama si mahali pa kuhifadhia dhahabu. Kwa miaka mingi, katika vibanda vya mawakala wa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa Machi 2007, mteja aliandika katika daftari lililolazwa juu ya kaunta jina lake, namba ya simu, namba ya kitambulisho na kiasi cha fedha, kisha akatia sahihi, na aliyemfuata katika foleni alipopewa kalamu aliweza kuusoma ukurasa mzima kabla ya kujaza mstari wake. Hakuna fundi wa kompyuta aliyehitajika ili siri hiyo itoke. Usimbaji fiche, ambao ni ufundi wa kuyageuza maandishi yasomeke na mwenye ufunguo peke yake, una faida kubwa, lakini hauna msaada kwa ukurasa unaosomwa na kila anayenunua sabuni dukani.

Hata hivyo wadia haitoshi kueleza yanayotendeka leo, kwa sababu mwenye kuhifadhi wadia hana haki ya kuitumia, na kampuni za leo hupokea taarifa za watu kwa ajili hiyo hasa. Hupima kwazo nani akopeshwe na kiasi gani, huuza kwazo matangazo, hufundishia kwazo mashine. Mapatano yanayokaribiana zaidi na hali hii ni aria, yaani azima, ambapo mwenye kitu humruhusu mwenzake akitumie kwa jambo linalojulikana kisha akirudishe. Na hapa hukumu ni nzito zaidi. Kwa Mashafi, mwenye kuazima hulipa kitu kikipotea au kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, hata kama hakuzembea; msingi wake ni Hadithi ya deraya ambazo Mtume Muhammad (s.a.w.) aliziazima kwa Safwan bin Umayya wakati wa vita vya Hunayn mwaka 630, akazikubali kuwa ni azima ya kudhaminiwa. Wahanafi hawaoni hivyo, kwa maana kwao azima pia ni amana, lakini mvuvi yeyote wa Vanga huijua hukumu ya Kishafi bila kuisoma: aliyeazima ngalawa kwenda kuvua, ikachukuliwa na dhoruba, hamwendei mwenyewe kumweleza kwamba aliifunga vizuri, bali humwendea kupatana naye juu ya malipo. Kampuni zinapoibiwa taarifa hutoa tangazo la kueleza jinsi zilivyokuwa makini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzitaka zimjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Kujulisha ni jambo jema. Lakini kinachofanyika kwa kawaida ni kwamba kampuni hudai wepesi wa mwenye kuhifadhi pamoja na faida za mwenye kumiliki, na mambo haya mawili hayakutani katika mkataba wowote wa haki.

Anaweza kutokea mtetezi akasema kwamba hii si azima bali ni ijara, yaani ukodishaji, kwa kuwa kampuni hulipa kwa huduma ya bure, na mwenye kukodi hadhamini bila uzembe. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa sababu ina nguvu. Ijara hutaka manufaa yajulikane na muda au kazi ijulikane, ili gharari, yaani utata unaoweza kumdhulumu mmoja wa wahusika, uondoke. Mtu anayefungua programu kwenye simu hajui taarifa zake zitatumiwa kwa lipi wala hadi lini, na masharti aliyoandikiwa ni marefu kwa namna ambayo hata wakili hayasomi yote. Isitoshe, hata mwenye kukodi kihalali akikitumia kitu kwa namna isiyokubaliwa huwa amevuka mpaka, na mvuka mpaka hudhamini. Kwa vyovyote mkataba utakavyoitwa, pale taarifa zinapokwenda kwa mtu wa tatu bila idhini, mlango wa kukimbilia umefungwa.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye kurejesha. Aya ya 58 ya Suratun Nisaa huamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, lakini taarifa hazirudi kama sanduku linavyorudi: aliyenazo anaweza kuzikabidhi na bado akabaki na nakala. Kwa hiyo wajibu wa kurudisha, katika jambo hili, hauwezi kuwa na maana nyingine ila wajibu wa kufuta. Hivyo ndivyo Mahakama Kuu ya Kenya ilivyoamua Mei 5, 2025, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Katiba Institute, pale Jaji Roselyne Aburili alipoamuru taarifa za kibayometriki, yaani vipimo vya mwili vinavyomtambulisha mtu, zilizokusanywa na Worldcoin zifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa ofisi ya Kamishna, kwa kuwa tathmini ya athari inayotakiwa na sheria haikufanywa na ridhaa ilipatikana kwa kishawishi cha malipo. Hoja ya kishawishi ina mizizi mirefu. Biashara halali katika Uislamu husimama juu ya kuridhiana, na ridhaa ya mwenye njaa anayeonyeshwa shilingi 7,000 si sawa na ridhaa ya aliyeshiba. Zaidi ya hayo, jicho lenyewe ni amana ya Mwenyezi Mungu kwa mja, na mwenye kuwekewa amana anaweza kuruhusu litazamwe kwa dharura ya matibabu, lakini hana hati ya kuliuza.

Kwa anayesema hana la kuficha, jibu ni fupi. Suratun Nur humtaka mtu aombe idhini kabla ya kuingia nyumba isiyo yake, wala haisemi kwamba idhini huombwa pale tu wenyeji wanapofanya maovu. Sitara ni haki ya mwema kabla ya kuwa kimbilio la mkosaji. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kinacholinda faragha, nacho hakimuulizi raia kwanza kama ana dhambi.

Lakini kisa cha Wapemba kinazuia hitimisho la haraka kwamba usalama ni kukataa kuandikwa. Kanuni za Kenya hutaka kitambulisho ili laini ya simu isajiliwe, na bila laini hakuna M-Pesa. Asiye na kitambulisho aliyetaka kulipwa samaki wake kwa simu alilazimika kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani, rafiki au mkwe. Jina la mtu liliazimwa. Jirani alibeba hatari ya madeni na makosa yasiyo yake, na mvuvi alibeba hatari ya fedha zake kuwa, mbele ya sheria, ni za mwingine. Na bado azima hiyo ilidumu kwa sababu pande zote mbili zilijuana na zilijua mipaka ya kilichotolewa. Mwenye jina aliweza kulidai jina lake wakati wowote, kama azima inavyotaka. Ni aibu kwamba mapatano ya mdomo baina ya watu wawili wanaovulia maji mamoja yalitimiza masharti ambayo kampuni zenye mawakili hazijayatimiza.

Lakini jukumu haliishii kwa kampuni na serikali, na hapa baraza inapaswa kujitazama yenyewe. Simu ya mtu wa kawaida imejaa vitu vya wengine: namba za jamaa, picha za harusi, jumbe za siri za dada mtu. Vyote hivyo viko kwake kwa kuaminiwa. Programu za mikopo ya haraka zilipoenea Kenya, nyingi ziliomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina yaliyomo kwenye simu, na mkopaji alipochelewa kulipa, mkopeshaji aliwapigia watu wa orodha ile kumwaibisha. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zilikataza mwenendo huo, na Septemba 2023 Kamishna alitangaza kuitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa kosa la aina hii. Sheria imemshika mkopeshaji, na ni sawa. Fiqhi humshika na mkopaji pia, kwa sababu aliyebonyeza kitufe cha kuruhusu aliwakabidhi watu wa tatu vitu vya wenzake bila kuwauliza, jambo ambalo Nawawi ameliweka miongoni mwa yanayomgeuza mwenye amana kuwa mdaiwa. Dharura ya ada ya shule au dawa humpunguzia dhambi, lakini haifuti haki ya waja, ambayo toba yake haitimii kwa istighfari peke yake. Aliyepigiwa simu akatukanwa kwa deni asilolijua anastahili kuambiwa na mwenye deni, ana kwa ana, namba yake ilitokea wapi, na kuombwa radhi.