VITA VYA NDUGU: MUNGU YUKO UPANDE WA NANI?

Masomo: Kutoka 3, 7-9, Yoshua 5, 13-15, Luka 16, 19-31



Wakati wa vita kuna swali linalosumbua mioyo ya waaminifu wengi. Watoto wa taifa moja wanapigana. Huyu anapiga magoti na kuomba ushindi. Yule naye anapiga magoti na kuomba ushindi. Wote wawili wanamwita Yesu Bwana. Basi, Mungu atamsikia nani? Na yule anayeshinda, je, ushindi wake ni alama kwamba Mungu alikuwa pamoja naye?

Ili tuelewe vizuri, tutazame vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861 na kuisha mwaka 1865. Ni vita vya mbali, lakini havituhusu kidogo. Mwaka 1860 nchi ile ilikuwa na watumwa weusi karibu milioni 4. Wengi kati yao, zaidi sana katika South Carolina, walikuwa wajukuu wa watu waliochukuliwa kwa meli kutoka pwani ya Kongo na Angola. Damu ya mababu zetu ilikuwa pale.

Majimbo 11 ya kusini yalijitenga ili yalinde utumwa. Kaskazini walisema taifa lisigawanyike. Pande zote mbili zilisali sana. Rais Abraham Lincoln wa kaskazini alitangaza siku za kufunga na kuomba. Jefferson Davis, rais wa kusini, alifanya vilevile. Biblia ilikuwa moja na Mungu alikuwa mmoja. Lakini angalieni, wapendwa: katika sala za wakubwa hao, mtumwa alikuwa wapi? Kusini walimtaka abaki shambani. Kaskazini nao, mwanzoni, hawakupigana kwa ajili yake. Mwezi wa nane 1862 Lincoln aliandika waziwazi kwamba shabaha yake kubwa ni kuokoa umoja wa nchi.

Mwezi wa tisa mwaka ule ule, baada ya mapigano ya Antietam, Lincoln aliwaambia mawaziri wake kwamba alikuwa amemwahidi Mungu: adui akirudishwa nyuma, atatangaza uhuru wa watumwa. Akatimiza. Tarehe 1 mwezi wa kwanza 1863 tangazo likatoka kwamba watumwa wote katika maeneo ya waasi ni watu huru. Watu weusi karibu 180.000 waliingia katika jeshi la kaskazini.

Je, ushindi ulikuja palepale? Hapana. Mwezi wa tano 1863 Jenerali Robert Lee wa kusini alishinda tena pale Chancellorsville. Kutenda haki si dawa ya kununua ushindi. Ni katika mwezi wa saba vita viligeuka. Kwa siku tatu, tarehe 1 mpaka 3, majeshi yalipigana Gettysburg, na watu kama 50.000 wa pande zote waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Lee akarudi nyuma. Kesho yake, tarehe 4, mji wa Vicksburg kwenye mto Mississippi uliangukia mikononi mwa Jenerali Ulysses Grant, na muda mfupi baadaye kusini ikakatwa vipande viwili.

Hata hivyo vita viliendelea karibu miaka miwili tena. Hiyo ndiyo miaka ya mwisho, na ilikuwa michungu. Mwaka 1864 Atlanta ilianguka, na jeshi la Jenerali William Sherman likapita Georgia likiharibu mashamba, ghala na njia za reli mpaka baharini. Watu zaidi ya 600.000 walikufa katika vita vyote.

Tarehe 4 mwezi wa tatu 1865, ushindi ukiwa karibu, Lincoln alisimama mbele ya watu. Hakujisifu. Alisema kwamba pande zote zilimwomba Mungu yule yule, na hakuna upande uliopata jibu kamili. Akasema labda Mungu anadai damu yote iliyomwagwa na fimbo ya mwenye mtumwa. Akawaomba watu wasiwe na chuki.

Hapa tunapata jibu la swali letu. Yoshua alimwuliza yule mtu mwenye upanga: uko upande wetu au wa adui zetu? Yule hakuchagua upande wowote; alikuja kama mkuu wa jeshi la Bwana. Mungu si askari wa kambi yetu. Lakini msome tena Kutoka 3: Mungu alisikia kilio cha watumwa. Ndugu wawili wakigombana, Mungu anamsikiliza wa tatu, yule anayelia chini ya miguu yao.

Mwisho wa vita unatufundisha tena. Tarehe 9 mwezi wa nne 1865, pale Appomattox, Lee alijitoa mikononi mwa Grant. Grant hakumdharau. Aliwapa askari wa kusini chakula, akawaacha waende nyumbani na farasi wao ili walime. Ni jambo zuri la Kikristo. Siku tano baadaye Lincoln alipigwa risasi, akafa.

Mwezi wa kumi na mbili 1865 sheria kuu ya nchi ilikataza utumwa. Lakini mashamba waliyokuwa wamepewa baadhi ya watu walioachwa huru, rais mpya, Andrew Johnson, aliamuru yarudishwe kwa wenyewe wa zamani. Mwaka 1877 kaskazini iliacha kuwalinda. Ndugu wawili wazungu walipatana. Wa tatu alibaki mlangoni kama Lazaro. Ilipita karibu miaka 100 kabla ya sheria za 1964 na 1965 kumrudishia haki zake.

Wapendwa, nasi Wakongo tunazijua meza za mapatano: Lusaka 1999, Sun City 2002. Tujiulize: mama aliyefukuzwa shambani mwake alikuwa na kiti pale? Kijana aliyekatwa mguu je? Kumsamehe adui ni amri ya Bwana. Lakini kupatana juu ya mgongo wa aliyeumizwa, huko si kusamehe.

Nabii Simon Kimbangu, alipoanza kazi Nkamba mwaka 1921, aliwaona waliokuwa wakilia. Hakushika silaha. Alifungwa miaka 30, akafa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, mwaka 1951. Hakuomba kifo cha mzungu wala cha mweusi. Tumfuate.

Basi, parokia ikikusanyika kusali kwa ajili ya amani, tusitaje kwanza jina la kambi tunayoipenda. Tutaje kwanza jina la anayelia. Tukimpa kiti yeye, tutaona Mungu amekwisha kukaa pamoja nasi.

Maswali ya kutafakari nyumbani:
1. Katika ugomvi wa jamaa yetu, wa tatu ni nani?
2. Tumemsamehe adui; aliyeumizwa tumemrudishia nini?

Amina.