Deni Lililotoka Saiba
Juni 2024 ikiwa imebakisha siku mbili, saiba za Kayole Junction zilifurika watu wa kujaza ritani za kodi. Mwalimu mmoja wa shule ya kibinafsi alifika na P9 yake ya 2023, fomu inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka. Kijana wa saiba, simu ikiwa imebanwa begani, alijaza mshahara, akajaza PAYE (kodi ya mshahara), akaruka sehemu ya pensheni.

"Imeingia, Mwalimu. Ni mia mbili tu."

Hakuna aliyetazama mstari wa kodi inayodaiwa: 43,200.

Deni lenyewe halikuwepo. Katika mshahara wa 60,000, mwajiri alikuwa akikata 12,000 za pensheni kila mwezi kabla ya kutoza PAYE. Kwa mwaka hizo ni 144,000. Ziliporukwa, mfumo wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) ulizihesabu kuwa mapato na kuzitoza asilimia 30.

Ilani za KRA ziliishia kwenye baruapepe ya saiba, maana PIN yake ya kodi ilisajiliwa palepale. Mwaka uliofuata Mwalimu aliomba cheti cha kutii kodi apate kazi mpya, akanyimwa. Adhabu ya asilimia 5 ilikuwa imeingia, na riba ya asilimia 1 ikipanda kila mwezi.

Jirani akamwambia akope alipe, yaishe. Wengi hufanya hivyo na kulipia kosa la kujaza fomu.

Yeye alipanda matatu hadi Huduma Centre ya Makadara. Afisa aliweka kidole kwenye safu E ya P9. "Mama, ona hapa. E1 ni asilimia 30 ya mshahara, E2 ni ulichokatwa, E3 ni kikomo cha sheria. Iliyo ndogo kati ya hizi tatu ndiyo tunayoondoa." Kwake ilikuwa E2. Kwa mwenye mshahara mkubwa anayechangia sana huwa E3, na hapo ni kuangalia mwaka: kikomo kilikuwa 20,000 kwa mwezi hadi kilipopandishwa kuwa 30,000 mwishoni mwa Desemba 2024. Anayerekebisha 2023 hawezi kuazima kikomo kipya.

Sheria inampa mlipakodi miaka 5 kuomba marekebisho. Kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, Mwalimu alichagua ritani ya marekebisho ya mwaka uleule wa 2023, akajaza kila sehemu upya, akaambatisha P9 na taarifa ya mfuko wake wa pensheni. Kwa kuwa kodi ilishuka, ilibidi KRA waikague kwanza. Akabadilisha pia baruapepe na nywila.

Marekebisho yalikubaliwa. Ile kazi ilikuwa imeshapata mtu.