Sanaa na Kumbukumbu ya Maji Maji

Baada ya mavuno, Wagika na Wagalu wanaposhindana kwa ngoma huko Bariadi na kwingineko Usukumani, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na lile linalovuta watazamaji wengi ndilo linaloshinda. Kipimo hiki kinafaa kwa furaha ya mavuno. Je, kinafaa pia kwa sanaa inayokumbuka mauaji?

Taifa letu lina kumbukumbu ya namna hiyo. Kuanzia mwaka 1905 hadi 1907 watu wa kusini walipigana na Wajerumani katika Vita vya Maji Maji. Tarehe 27 Februari 1906 wapiganaji wengi wa Kingoni walinyongwa mjini Songea. Lakini silaha kali kuliko kamba ilikuwa njaa, kwani vijiji, maghala na mazao yalitiwa moto. Wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi.

Sanaa haikunyamaza. Abdul Karim bin Jamaliddini alivitungia utenzi vita hivyo, na mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya Kinjeketile. Hussein hakutupa shujaa asiye na doa. Alitupa mtu anayelitilia shaka neno lililotoka kinywani mwake mwenyewe. Hapo ndipo ulipo ukubwa wa kazi ile.

Kwa maana umati hupenda shujaa. Aliyenyongwa hali ameinua kichwa hupata wimbo na sanamu. Mama aliyekufa porini akichimba mizizi, mtoto yu mgongoni, hapati. Na liko jambo jingine lisilovuta watazamaji: maofisa wa jeshi lile walikuwa Wajerumani, lakini askari wake walikuwa Waafrika, wakiwemo Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, na Wasukuma pia.

Basi kijana wa Simiyu asidhani kwamba Maji Maji ni habari ya watu wa mbali. Wala asidhani kwamba anahukumiwa kwa matendo ya wazee, la hasha. Hatia hairithiwi kama ng'ombe. Kinachorithiwa ni deni la kusema kweli. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea. Ombi hilo lilikuwa la taifa lake. Haliwezi kutusemea sisi kwa sisi.

Wako watakaosema kwamba kuyataja haya ni kuamsha ukabila. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwani umoja wetu ulijengwa kwa jasho. Hata hivyo, umoja unaotegemea kusahau ni nyumba iliyojengwa juu ya kichuguu: mchwa hawaonekani, lakini kazi yao inaendelea. Kumwonyesha askari yule jukwaani si kulishtaki kabila lake, bali ni kuonyesha jinsi ukoloni unavyomtumia mtu dhidi ya nduguye.

Kwa hiyo mwalimu anayeandaa mchezo wa Maji Maji hana budi kumpa nafasi kiongozi, na mama mwenye njaa, na askari mwenye kijinga cha moto mkononi. Huenda watazamaji wasishangilie. Kimya chao hakitakuwa dalili ya kushindwa.