Mwenye Ng'ombe ni Nani?



Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, iko sheria juu ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Akiua mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa mwenyewe alikwisha kuonywa, naye asimfunge, hatia ni yake. Ng'ombe atauawa, lakini atakayejibu ni mtu.

Siku hizi kimetokea chombo kiitwacho akili bandia. Ni kompyuta iliyofundishwa kwa habari nyingi za watu, halafu inakisia: huyu apewe mkopo, yule asipewe, huyu aitwe kazini, yule aachwe. Mtu akiuliza sababu, huambiwa, "Kompyuta imekataa." Je, mwenye ng'ombe ni nani?

Tutazame Uholanzi. Idara ya kodi huko ilitumia kompyuta kuchagua wazazi wa kushukiwa udanganyifu katika msaada wa malezi ya watoto. Kutokuwa raia wa Uholanzi kulihesabiwa kuwa alama ya mashaka. Maelfu ya wazazi wasio na hatia walidaiwa kurudisha fedha nyingi, na Januari 2021 serikali ilijiuzulu. Kosa halikuwa la kompyuta tu. Sheria ilikuwa kali, na maofisa hawakuwasikiliza waliolia.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria juu ya akili bandia. Haikukataza yote, bali imepima hatari. Kuwapa watu alama za tabia ili wabaguliwe kumepigwa marufuku tangu Februari 2025. Kwa mambo mazito, kama ajira, mikopo na mitihani, imeagiza mwanadamu awe msimamizi. Kwetu, sheria ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022, zinazolinda habari za mtu binafsi, zinampa mtu haki ya kutaka uamuzi mzito juu yake usifanywe na mashine peke yake, ingawa yako mambo yaliyoachwa nje.

Wako wasemao kwamba sheria huzuia maendeleo. Lakini Torati haikukataza kufuga ng'ombe. Ilitaka afungwe, na mashamba yaliendelea kulimwa. Sheria njema hufanya vivyo hivyo: imtaje mwenye kujibu, imwambie mtu sababu, impe mwanadamu wa kumsikiliza, na kamba iwe nene kadiri ya ukali wa ng'ombe.

Basi, ndugu, sheria isiyotumiwa ni kamba iliyotundikwa ukutani. Ukikataliwa, uliza kwa barua: nani ameamua, na kwa sababu gani? Vijana mliosoma, waandikieni wajane na wazee barua hizo. Nanyi mnaofanya kazi maofisini, msijifiche nyuma ya mashine. Siku ile kuu Bwana hataiuliza kompyuta. Atatuuliza sisi.

Mungu atupe macho ya kumwona jirani. Amina.