Fakhari ya Mwenye Chombo: Ipi Njema na Ipi Mbaya?

Limetufikia swali ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa la tabia. Mtu ana motaboti ya mbao, ya zamani, iliyoundwa kabla yeye hajazaliwa. Leo vyombo vya faiba vimejaa kila bandari. Ni vyepesi, havinywi maji, wala havitaki kalafati. Yeye havitaki. Kila mwaka hukipandisha chombo chake pwani akakikwangua, akakipiga msasa, akakipaka vanishi, akazisugua shaba zake mpaka zikang'aa. Na siku kinaposhushwa majini husimama akakitazama, na kifua chake kikajaa. Je, kujaa huku kwa kifua ni kibri? Na mali na siku azitumiazo, ni israfu? Au hiyo ni haki yake, wala hapana wa kumwambia neno?

Wako wasemao upesi kwamba hayo ni mapambo ya dunia, na afadhali akiuze. Wako nao wasemao kwamba mali ni yake, na afanye apendavyo. Sisi twaona kwamba wote wawili wamejibu kabla ya kutazama.

Kwanza yapasa tutenge baina ya maneno ambayo ndimi zetu huyachanganya. Wanazuoni waliotangulia, na miongoni mwao Imamu Ghazali, walitofautisha baina ya kibri na ujbu. Kibri hakiwi illa awepo mtu wa pili wa kudharauliwa. Mwenye kibri hujipima kwa mwenzake akajiona yu juu. Ujbu hauhitaji mtu wa pili. Mwenye nao hujipendeza peke yake, akasahau ni wapi neema ilikotoka. Na sote twaijua khabari ya yule aliyemwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Hakuambiwa kwamba hicho ndicho kibri. Aliambiwa kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Basi uzuri wa chombo si aibu, wala kuufurahia si dhambi. Linalotupasa kuuliza ni hili: jicho la mwenye chombo, likisha kukitazama chombo, huenda wapi? Likienda kwa jirani asiye na kitu kama hicho, hapo pana maradhi. Likirudi kwake mwenyewe likatua hapo, pana maradhi ya pili. Lakini likienda kwenye kazi iliyofanywa, na kwa waliomfundisha, na kwa watakaopanda, basi hiyo ni furaha iliyo karibu na shukrani.

Na ili hukumu yetu isiwe ya kubahatisha, natukitazame kitu chenyewe. Mapenzi ya motaboti za kale yamekita mizizi khasa Marekani na Ulaya, kwenye maziwa na mito yao. Kampuni ya Chris-Craft, iliyoanzia Algonac katika jimbo la Michigan, iliunda motaboti za mbao za mahogani, mti ulio wa ukoo mmoja na mkangazi wetu, mpaka mwanzo wa miaka ya 1970 ilipoiacha mbao ikashika faiba. Huko Italia, katika mji wa Sarnico ulio kando ya ziwa Iseo, karakana ya Riva iliunda motaboti iitwayo Aquarama tangu mwaka 1962 hadi 1996. Vyombo hivi vingali vipo, na wenyewe huviandama kama mtu amwandamavyo mzazi mgonjwa.

Kwani mbao ina desturi yake. Ikikaa nje ya maji muda mrefu hukauka ikajikunja, na maungio yakafunuka. Chombo kikishushwa hunywa maji kwanza, mpaka mbao zivimbe na kushikana. Maji ya mvua yakituama ndani ya ngama, mbao huoza pole pole pasipo kuonekana. Jua nalo huila vanishi, na vanishi ikipasuka mahali padogo kama ukucha, maji huingia chini yake na ubao ukageuka rangi. Kwa hivyo mwenye chombo cha mbao hamaliziki kukimiliki siku anapolipa thamani yake. Ni kazi aianzayo upya kila mwaka, na mwaka atakaoiacha ndio mwaka atakaoanza kukipoteza.

Hapa ndipo tuonapo jambo la kwanza katika jawabu letu. Tajiri aweza kukinunua chombo kwa siku moja, lakini hakuna siku moja iwezayo kukitunza. Ajivunaye kwa kununua, hujivuna kwa mali, na mali yaweza kumjia mjinga na mwerevu sawasawa. Afurahiaye kutunza, hufurahia subira, na subira haiuzwi dukani.

Walakini, hata huyu wa pili yampasa atahadhari. Wagiriki wa kale walikuwa na khabari ya jahazi la Theseus, ambayo mwandishi Plutarch aliitaja: watu wa Athene walilihifadhi jahazi hilo kwa kung'oa kila ubao uliooza na kutia mpya, mpaka wanafalsafa wakabishana kama jahazi ni lile lile au ni jingine. Ubishi huo huwapata wenye motaboti za kale mpaka leo. Ubao huu ulibadilishwa na aliyekuwa nacho kabla yako, mtambo ulibadilishwa na aliyemtangulia yeye, mkuku huu labda ndio wa asili, labda sio. Ni nini basi kilichobakia, hata mtu akasema, “Hiki ni chombo cha mwaka fulani”?

Sisi twasema kwamba kilichobakia ni mfululizo wa mikono. Aliyechora umbo lake, aliyepinda mataruma yake, fundi aliyetia pamba katika maungio, mtu aliyekirithi akakitunza alipoweza kukiacha kioze: hao wote wamo ndani ya chombo. Mwenye nacho leo ni mmoja katika safu ndefu, na baada yake watakuja wengine. Akisema “changu”, na aseme kwa maana ya amana, si kwa maana ya kwamba kimeanza kwake na kitaishia kwake. Ni ajabu ya kusikitisha kumsikia mtu akiwahadithia wageni uzuri wa chombo chake mchana kutwa, wala asilitaje jina la fundi hata mara moja. Na pengine ujira wa fundi huyo bado ameushika mkononi. Fakhari ya namna hiyo ni ya kuiba, kwani amejivika nguo iliyoshonwa kwa jasho la mwengine.

Sasa tufike kwenye upande mgumu wa swali, nao ni huu: Chombo hiki chafaa nini? Mvuvi ana sababu ya kutunza mashua yake, kwani ndiyo riziki ya watoto wake. Lakini mtu atunzaye chombo cha kutembelea tu, je, si mchezo wa wenye nafasi?

Twaomba msomaji asikilize khabari ya mwaka 1940. Mwezi wa Mei mwaka huo majeshi ya Uingereza na ya wenzao yalizingirwa na Wajerumani katika pwani ya Dunkirk, Ufaransa. Tangu tarehe 26 Mei hadi tarehe 4 Juni waliokolewa askari 338,226 kwa njia ya bahari. Wengi wao walipandia katika bandari wakachukuliwa na merikebu kubwa; lakini zaidi ya 98,000 walichukuliwa kutoka ufukoni, na ufuko ule una maji mafupi kwa masafa marefu, hata merikebu hazikuweza kuukaribia. Hapo ndipo vilipohitajiwa vyombo vidogo. Yapata 700 vilikwenda: vya uvuvi, vya uokozi, na pamoja navyo motaboti za starehe zilizokuwa zimefungwa katika mto Thames, ambazo wenyewe walikuwa wakizipaka vanishi kwa ajili ya matembezi ya wakati wa joto.

Kimoja katika hivyo kiliitwa Sundowner. Kilikuwa na urefu wa futi 58, na kiliundwa mwaka 1912 kwa kazi za jeshi la bahari. Charles Lightoller alikinunua mwaka 1929 kikiwa kimetupwa, akakitengeneza kiwe chombo cha kusafiria na mkewe. Mtu huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa cheo katika maofisa waliosalimika ilipozama merikebu ya Titanic. Alipopata khabari kwamba serikali yakihitaji chombo chake, hakukificha wala hakulilia vanishi yake. Alisema atakipeleka mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 66. Tarehe 1 Juni aliondoka Ramsgate pamoja na mwanawe na kijana mmoja wa skauti wa bahari, wakavuka, wakashambuliwa na ndege njiani, na wakarudi wakiwa watu wapatao 130 ndani ya chombo ambacho desturi yake ilikuwa kuchukua watu 21.

Hatutaki kuipamba khabari hii kupita kiasi. Vyombo vingi katika hivyo viliendeshwa na mabaharia wa serikali, si na wenyewe, na vingi havikurudi. Lakini hata hapo pana zingatio. Baharia aliyepewa chombo asichokijua, akakuta mtambo wake wawaka na ngama yake ni kavu, aliokoa watu kwa kazi ya mtu asiyekuwapo. Na aliyekuta chombo kilichong'aa juu na kuoza chini, hakuwa na la kufanya.

Jambo lituvutialo zaidi ni kwamba Lightoller hakukitunza Sundowner kwa kungojea vita. Alikitunza kwa kukipenda. Lau angaliulizwa mwaka 1935 kazi ile yote ni ya nini, angalikuwa na jawabu gani, illa kwamba amependa? Kwa hivyo asemaye kwamba kukitunza vizuri kitu cha starehe ni upuuzi mtupu, amehukumu kabla ya mwisho wa hadithi. Mtunzaji hajui atunza kwa ajili ya siku gani. Lakini asemaye kwamba mapenzi yatosha, naye amekosa. Kwani mapenzi yale yale yangaliweza kumfanya Lightoller akifiche chombo chake katika kihori, asiguse mtu. Tofauti ya fakhari njema na mbaya ilionekana saa ile chombo kilipotakiwa. Mwenye fakhari njema hukitoa, na mwenye fakhari mbaya hana awezalo kukitoa, kwa kuwa chombo kimekwisha kummiliki yeye.

Na hapa yatujia khabari tuisomayo katika Sura ya Kahf, ya jahazi la maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, ambalo Khidhri alilitia aibu ili mfalme dhalimu asilinyang'anye. Aliyeona ubao tu, aliona uharibifu. Lakini uzuri wa ubao haukuwa ndio muradi. Muradi ulikuwa watu waliokula kwa jahazi lile. Chombo huheshimiwa kwa ajili ya watu wake, si watu kwa ajili ya chombo.

Sisi watu wa pwani hatuwi wageni wa haya. Twawajua mafundi waliokuwa wakisikiliza ubao kwa kuugonga na kujua palipooza. Twajua kalafati, na sifa, na deheni ya shahamu na chokaa. Ikiwa leo yuko kijana apendaye kukitunza chombo cha mbao, na akaketi kwa fundi mzee akajifunza, basi ameokoa elimu pamoja na mbao. Hatumlaumu, bali twamwombea kheri.

Lakini na ajipime kwa mambo manne. Je, watu wa nyumbani kwake wapata haki yao kabla ya chombo kupata vanishi? Je, fundi amelipwa, na jina lake latajwa? Je, chombo chaingia majini kikachukua watu, au kimekuwa sanamu ya kutazamwa? Na mtu akizama mbele ya bandari usiku, naye ndiye mwenye chombo kilicho karibu, je, atashika kamba mara ile, au atafikiri kwanza juu ya matope yatakayoingia ndani? Akiyajibu manne haya kwa uso mkunjufu, basi na asimame akitazame chombo chake, na kifua chake kijae. Hatukuona katika hilo ubaya. Akilikosa moja, na aliweke chini tambara la kusugulia shaba, akalitengeneze hilo kwanza.

Na Mungu ndiye ajuaye zaidi.